Litaingia Tu, Bosi

Kuna sentensi moja ya gereji ambayo ningepewa mamlaka ya siku moja ningeipiga marufuku mkoa mzima wa Rukwa: "Litaingia tu, bosi." Utaisikia Sumbawanga mjini, Kizwite na Majengo. Utaisikia Laela, Matai na Namanyere, popote palipo na jeki, mashine ya upepo na fundi mwenye ovaroli iliyolowa grisi. Mteja kaja na Corolla ya zamani na matairi manne yaliyoizidi kimo. Anauliza kwa wasiwasi kama yataenea. Fundi anainama, anachungulia chini ya fenda kwa sekunde tano, anasimama, anapangusa mikono. Litaingia tu.

Na kweli linaingia. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Karibu tairi lolote litaingia kwenye gari lililosimama, usukani umenyooka, hakuna abiria, hakuna gunia la mahindi kwenye buti. Swali ambalo mteja hakuliuliza na fundi hakulijibu ni kama tairi hilo litakata kona, litapanda na kushuka na springi zake, litabeba watu watano na tope la mwezi Machi, bila kugusa chuma.

Kabla sijaendelea, niwaweke pembeni watu wa aina mbili ambao wanaweza kudhani niko upande wao.

Wa kwanza ni rafiki yetu wa mjini, yule anayeicheka Corolla iliyonyanyuliwa. Anasema imesimama kama mbuni, ni ushamba, gari la chini linapaswa kubaki chini. Mwenyewe kaweka rimu za inchi 17 na tairi jembamba kama mkanda, na kila akifika kwenye tuta anapita kwa upande kama kaa. Huyu sina muda naye. Gari lake linasugua pia, ila linasugua kwenye lami.

Wa pili ni mtu mzima, ana mshahara mzuri, na jibu lake kwa kila tatizo la barabara ni hili: nunua Land Cruiser. Ukimwambia mwalimu wa sekondari au muuza maharage anunue Land Cruiser, umemwambia abaki nyumbani. Sisi tunaendesha tulichoweza kukinunua, na tulichoweza kukinunua ni gari dogo la Kijapani lenye umri wa miaka 20 au 25, lililotengenezwa kwa ajili ya mitaa ambayo haina makorongo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nauweka mapema ili asiwepo wa kunisingizia: kuweka matairi makubwa kwenye gari la zamani huku kwetu ni haja, na ni haja halali. Ninachokipinga ni kulifanya jambo hilo bila kupima.

Tuanze na ardhi yenyewe. Uwanda wa juu wa Ufipa umeinuka takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Upande mmoja unashuka kwenda Ziwa Tanganyika, upande mwingine unakatika ghafla kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa na kuanguka karibu mita 1,000 hadi bonde la Ziwa Rukwa. Kwa miaka mingi safari ya Tunduma hadi Sumbawanga wakati wa mvua ilikuwa kazi ya magari makubwa na ya watu wenye subira. Kisha ikaja lami, kilomita zaidi ya 220, kwa sehemu kubwa kwa fedha za mkataba wa MCC ambao Tanzania na Marekani walisaini mwaka 2008. Lami ile ilitufungulia mambo mengi, na moja ni kwamba magari madogo yalipanda juu kwa wingi. Mtu aliweza kununua Corolla au Probox Dar es Salaam na kufika nayo Sumbawanga bila kuchubua bampa.

Lakini maisha yetu hayako kwenye lami. Shamba liko pembeni, msiba uko pembeni, shule niliyopangiwa kufundisha iko pembeni. Ukiacha njia kuu kwenda Muze, Mtowisa au vijiji vya ndani vya Nkasi, kuanzia Novemba hadi Aprili, unakutana na barabara ambayo katikati ina mgongo na pembeni ina mifereji iliyochimbwa na malori. Corolla inalalia tumbo. Sampu ya oili inagonga jiwe. Ndiyo maana mtu anakwenda kutafuta tairi kubwa. Simlaumu hata kidogo.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo maneno matamu yanapokwisha. Corolla ya mwaka 1998 ninayoiendesha imebandikwa kwenye fremu ya mlango saizi ya tairi lake: 175/65R14. Maana yake tairi lina upana wa milimita 175, ukuta wake ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni inchi 14. Ukizidisha na kujumlisha, tairi zima lina kimo cha milimita 583. Watu wengi hapa wanataka 195/65R15, saizi iliyojaa madukani kwa sababu Noah nyingi huivaa. Kimo chake ni milimita 634 na nusu. Umeongeza milimita 51. Mteja anafurahi, anadhani gari limepanda sentimita tano.

Halijapanda tano. Ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo gari linapanda nusu tu ya nyongeza hiyo, sentimita mbili na nusu. Nusu nyingine imekwenda juu, kuelekea kwenye fenda, na upana nao umeongezeka kwa milimita 20. Umenunua kimo kidogo kwa nafasi nyingi, na hiyo nafasi gari halikuwa nayo.

Madhara hayaishii kwenye kusugua. Tairi lililozidi la kwanza kwa karibu asilimia 9 linadanganya mshale wa spidi: ukisoma 80, unakwenda 87. Injini ya kawaida isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa ni nyepesi. Hapa Sumbawanga Corolla yako imeshapoteza karibu moja ya tano kabla hujaiwasha. Kisha unaitwisha gurudumu kubwa na zito, unaitaka ipande kutoka bondeni. Itapanda kwa gia ya kwanza, inalia. Na ikishuka, breki zile zile za kiwandani zinashika gurudumu refu zaidi, hivyo nguvu yake ya kuzuia pale tairi linapokanyaga ardhi inapungua kwa karibu asilimia 8. Kwenye mtelemko wa kilomita nyingi, asilimia 8 ni kitu kikubwa.

Nimeupanda mlima huo nikiwa abiria. Ilikuwa mwezi wa tatu, tunatoka Muze, watu wanane ndani ya Probox, mimi nimekaa mbele na mama mmoja aliyepakata mtoto. Gari lilikuwa limevalishwa matairi yaliyozidi, na fenda za mbele zilikuwa zimekatwa kwa grainda, makali yake yamepakwa rangi ya fedha. Kila tulipoingia kwenye shimo, sauti ya mpira ikisuguana na bati ilitoka chini ya miguu yangu, na harufu ya mpira ulioungua ikafuata. Hilo nililizoea baada ya nusu saa. Lililonishinda lilikuwa kwenye kona. Tulipofika kwenye kona kali ya kwanza, dereva alikata usukani, ukaenda hadi katikati, ukagoma. Tairi lilikuwa limegusa chuma kwa ndani. Akasimama, akarudi nyuma kuelekea ukingoni, akakata tena, akapita.

"Hili kona linakata mara mbili, mwalimu," akaniambia, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeeleza tabia ya ng'ombe wake.

Kona ya pili, vile vile. Ya tatu, vile vile. Nyuma yetu bonde lote limetanda, ziwa linang'aa kwa mbali, na sisi tunarudi nyuma kuelekea huko, watu wanane, kwenye udongo uliolowa. Mama wa pembeni yangu hakusema neno. Alikuwa ameushika mkono wa mlango. Nilipouliza kwa nini hawakurekebisha, dereva alijibu kwamba fundi alimwambia litazoea.

Jamani, chuma hakizoei. Mpira nao hauzoei, unalika. Tairi linalogusa kila siku mahali pale pale linachongwa ukuta wake, sehemu ile nyembamba kuliko zote, mpaka nyuzi zionekane, kisha linapasuka siku limebeba uzito mkubwa na limepata joto. Likiwa linagusa kwa ndani, jirani yake ni bomba la breki. Siandiki haya ili kuwatisha watu. Naandika kwa sababu nimeona watu wakilipa nauli kuingia humo.

Basi ifanyikeje? Niseme ninavyofanya kwenye gari langu na ninavyomtaka fundi yeyote anayegusa gari la mtu afanye.

Kwanza, rudisha gari kwenye kimo chake. Gari la miaka 25 halijasimama pale kiwanda kilipoliacha. Springi zimelala, raba za shokapu zimekwisha, bushi zimelegea. Chukua futi ya kupimia, pima kutoka katikati ya kofia ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, magurudumu yote manne, na uandike. Ukikuta upande wa dereva umelala kuliko wa pili, au nyuma kumeshuka kuliko mbele wakati buti ni tupu, shida yako si tairi. Springi nzima zinaweza kukurudishia kimo kikubwa kuliko tairi kubwa, na hazichukui nafasi yoyote ndani ya fenda. Wengi wanaokimbilia tairi wangemaliza safari yao hapa.

Pili, usizidishe kimo cha tairi zaidi ya asilimia 3 hivi ya lile la kwanza. Kwa Corolla yangu hiyo ni 185/65R14, yenye kimo cha milimita 596. Ukitaka rimu ya inchi 15 kwa sababu ndiyo uliyoipata, basi 195/55R15 ina kimo kile kile, ila ukuta wake ni mfupi na mashimo utayahisi mgongoni. Kimo kinachobaki kitafute kwenye mwili wa gari: springi ngumu kidogo, au kipande cha kunyanyulia juu ya shokapu, sentimita mbili hadi tatu, isizidi sana, maana shafti za mbele zikipinda kupita kiasi jointi zake zinakufa mapema. Ukishanyanyua, peleka gari likapimwe mwelekeo wa matairi. Usipofanya hivyo, tairi jipya litalika upande mmoja kabla ya sikukuu.

Tatu, isome rimu. Nyuma yake imeandikwa herufi ET na namba. Namba hiyo ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokaa kwenye gari. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Ikiongezeka, linaingia ndani. Chukua mfano wa rimu ya upana wa inchi 5 na nusu yenye ET 45, uibadilishe kwa ya inchi 7 yenye ET 35. Ukingo wa nje utasogea nje milimita 29, na wa ndani utasogea kuelekea kwenye shokapu milimita 9. Hiyo ni hesabu ya darasa la sita, na inafanyika kabla ya kutoa pesa. Fundi anayekwambia rimu zote za nati nne ni sawa, muage kwa heshima uondoke.

Usikubali pia vipande vya kusogeza rimu nje kabla hujahesabu nati. Skrubu za Toyota nyingi ni za milimita 12, na uzi wake ni milimita moja na nusu kwa kila mzunguko. Nati inapaswa kushika uzi angalau sawa na unene wa skrubu, yaani mizunguko minane. Ikikaza kwa mitatu au minne tu, gurudumu hilo limeazimwa.

Nne, lijaribu gari likiwa katika hali mbaya. Hapa mimi natumia chaki, kwa sababu chaki ninazo. Napaka chaki ndani ya fenda pande zote, na kwenye bati linalotazamana na tairi. Napanga watu watano ndani na mzigo kwenye buti. Gurudumu la mbele kushoto linapanda juu ya gogo, na la nyuma kulia gogo lake, ili gari lijipinde kama linavyojipinda kwenye korongo. Kisha nakata usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Halafu nachungulia. Pale chaki ilipofutika, tairi limesema lenyewe. Hata pasipofutika, naangalia kama kidole changu kinapita. Nafasi ile si ya tairi pekee, ni ya tairi na tope lake. Tope la Ufipa linajaa ndani ya fenda, likikauka linakuwa kama tofali, na tairi lililopita vizuri Oktoba linasugua Februari.

Tano, grainda iwe ya mwisho, na mahali pengine isiwepo kabisa. Plastiki ya ndani ya fenda unaweza kuipunguza au kuipasha moto na kuisukuma. Mdomo wa fenda ya mbele unaweza kukunjwa taratibu. Lakini mdomo wa nyuma ndipo mabati mawili, la nje na la ndani, yameshikana kwa welding ya kiwandani. Ukiukata, umefungua mshono wa gari. Maji yanaingia katikati ya mabati, kutu inaanza kula kutoka ndani, na baada ya masika mawili utashangaa mlango wa nyuma haufungi vizuri. Ukunje tu, kwa nyundo ya mpira na joto, kisha upake rangi.

Najua jibu litakalokuja. "Mwalimu, hayo ni mambo ya vitabuni. Sisi huku tunapima kwa macho." Nimeambiwa hivyo zaidi ya mara moja, kwa fahari, kana kwamba kupima ni desturi ya wageni.

Anayesema hivyo katika nchi ya Wafipa hajui alikosimama. Kabla ya bati la kwanza la dukani kufika hapa, mafundi wa Ufipa walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye ilungu, tanuri la udongo la kimo cha mita 3 hivi, ambalo halikuhitaji mivukuto. Hewa ilijivuta yenyewe kupitia mirija iliyopangwa kuzunguka kitako chake, ikapanda na moto. Chuma kilichopatikana kikapelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi ya kukisafisha kabla ya kufua jembe. Mabaki ya malungu bado yapo kwenye mashamba yetu. Kitu kama hicho hakijengwi kwa "litaingia tu". Kimo kikipungua, hewa haivuti. Mirija ikikosewa, moto unalala, na kazi ya siku nyingi, mkaa na mawe yote, inakuwa takataka. Walipima kwa hatua, kwa mkono, kwa kumbukumbu, na hata kama hawakuwa na milimita, kipimo walikuwa nacho na walikiheshimu. Kwa hiyo usinidanganye kuwa kubahatisha ndiyo asili yetu.

Jibu la pili lina uzito zaidi, nalo ni la pesa. Fundi ana wateja watano wanaosubiri, hakuna anayetaka kulipia saa ya kupima, na akimkatalia mteja, gereji ya jirani haitamkatalia. Hili ni kweli, na lawama yake ni ya sisi wateja. Tunalipia kinachoonekana: rimu zinazong'aa, gari lililosimama juu. Saa nzima ya fundi aliyelala chini na futi na chaki tunaiita kupoteza muda. Tunagombania elfu tano ya kazi huku tumebeba matairi ya laki kadhaa. Ukitaka fundi apime, mlipe kwa kupima, na akikuambia "hili halifai", mlipe hapo pia, kwa sababu amekuuzia kitu cha thamani kuliko tairi.

Na wapo wenye dhamana ya barabara. Sitaki makala hii iwape usingizi. Kila Corolla iliyonyanyuliwa Sumbawanga ni kodi ambayo mwenye gari amejitoza mwenyewe kwa sababu ya daraja lisilojengwa na mfereji usiochimbwa. Springi, shokapu, matairi, yote hayo ni barabara tunayoibeba chini ya gari. Lakini mpaka greda lije, mama wa Muze atahitaji kufika hospitali, na atafika ndani ya gari lililofungwa na fundi wa hapa hapa. Gari hilo lazima liweze kukata kona mara moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, wewe uliyesoma, uliyeshika kompasi na rula tangu shule ya msingi, ukienda gereji wiki hii nenda na futi yako mfukoni. Fundi akiinama, akachungulia, akasimama na kukwambia litaingia tu, mpe hiyo futi. Akikataa kuishika, chukua funguo zako.